Kutunza Sarafu za Zamani Zisigeuke Rangi

Bwana mmoja akaaye Ayany, upande wa Kibera hapa Nairobi, ameniletea barua yenye maswali juu ya sarafu alizorithi. Baba yake alipofariki aliacha mkebe wa bati, na ndani yake mlikuwa na shilingi za zamani zenye sura ya simba, pamoja na senti zenye tundu katikati. Zote zilikuwa zimefungwa kwa gazeti na kukazwa kwa mipira ile itumiwayo ofisini. Sasa nyingine zimekuwa nyeusi kama masizi, nyingine zina rangi ya samawati na zambarau, na moja ina mstari mweusi ulionyooka usoni mwa mfalme kana kwamba mtu ameupiga kwa rula. Nduguze wanakuja mwezi ujao wagawane mali ya marehemu, naye apenda kila mmoja apewe sarafu zinazong'aa. Jirani yake amemshauri azisugue kwa limau na majivu. Auliza kama ushauri huo ni mwema, na kama si mwema, afanye nini zisizidi kuharibika.

Nimeona nimjibu hapa, maana mikebe ya namna hiyo imo katika nyumba nyingi, mjini na mashambani. Jibu la swali la kwanza ni fupi. Asizisugue. Sarafu iliyogeuka rangi yaweza kungoja miaka mingine hamsini mpaka apatikane mjuzi wa kuitazama. Iliyokwisha kusuguliwa haina dawa.

Kwanza yatupasa kufahamu sarafu hizo ni nini, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba ni fedha tupu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na makao yake yalikuwa London. Kabla ya hapo nchi hii ilitumia rupia. Mwaka 1920 ikaja florini, na mwaka 1921 ikaja shilingi, ambayo mbili zake zilikuwa sawa na florini moja. Shilingi zilizopigwa tangu 1921 mpaka 1946, zenye simba amesimama na milima nyuma yake, zina fedha robo moja tu. Robo tatu zilizobaki ni madini ya bei ndogo, hasa shaba. Shilingi moja ina uzito wa gramu 7.8 hivi, kwa hiyo fedha iliyomo haifiki gramu 2. Za tangu 1948 hazina fedha hata chembe, ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Senti zenye tundu ni bronzi, yaani shaba iliyotiwa bati kidogo. Basi mtu akija mlangoni na mizani, akisema anunua shilingi za simba kwa kilo ili ayeyushe fedha, yafaa mwenye mkebe akumbuke hesabu hiyo. Kinachopotea hapo si gramu mbili za fedha, bali tarehe, jina la mfalme, na ushahidi wa jinsi wazee walivyoishi. Mwaka 1922 kodi ya kichwa ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi shilingi 12 kwa mwaka, na kwa mtu wa kijijini hizo 12 zilikuwa ujira wa wiki nyingi za jasho. Ikiwa manyoya ya simba yamefutika kidogo, yamefutwa na mikono ya watu hao. Si haki limau na majivu yaje kuyamaliza.

Tena sarafu zenye fedha kidogo namna hii kwa kawaida zina ngozi nyembamba usoni ambayo fedha yake ni nyingi kuliko ya ndani. Ngozi hiyo hupatikana katika kiwanda, sarafu zinapooshwa kwa asidi kabla ya kupigwa chapa. Msuguaji huipenya, akafikia shaba, na baada ya juma chache sarafu yake huwa na mabaka mekundu na kahawia. Ndipo husema kwamba alipewa fedha bandia.

Sasa tuje kwenye weusi wenyewe. Fedha haishiki kutu kama jembe. Adui yake ni salfa, ile ambayo wazee huiita kiberiti. Salfa ikiwa katika hewa, hasa katika gesi yenye harufu ya mayai viza, hushikana na fedha usoni na kufanya utando mwembamba sana uitwao salfaidi ya fedha. Utando ukiwa mwembamba kabisa sarafu huonekana ya manjano kama chai hafifu. Ukizidi, huwa wekundu wa zambarau, kisha samawati, na mwisho mweusi. Rangi hizo si wino uliomwagwa. Ni mchezo wa mwanga tu, kama zile rangi tuonazo mafuta ya motokaa yanapoelea juu ya kidimbwi barabarani. Kwa hiyo msomaji anaweza kujua ugonjwa umefika wapi kwa kutazama rangi. Shaba nayo ina njia yake: hutoka wekundu mpya ikawa kahawia, na hiyo si ugonjwa bali ni uzee wa heshima. Likitokea doa la kijani, hasa la unga unga, hapo kuna unyevu na chumvi, na yafaa kuangaliwa upesi.

Mstari mweusi usoni mwa mfalme ulitoka wapi? Ulitoka kwenye mpira. Tangu karne ya 19 mpira huimarishwa kwa kuchemshwa pamoja na salfa, na salfa hiyo huendelea kutoka polepole mpira unapozeeka. Mahali mpira ulipogusa, fedha iliandikwa. Kuna jambo hapa ambalo naona ndilo kubwa katika habari hii yote, nalo ni kwamba sarafu nyingi hazikuharibiwa na miaka wala na hewa ya Nairobi, bali na kile kitu ambacho mwenyewe alikichagua kwa upendo ili kuzilinda. Aliyeziacha wazi juu ya rafu pengine atazikuta afadhali kuliko aliyezifunga kwa gazeti. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na kadiri inavyogeuka manjano ndivyo inavyotoa asidi. Nasema hivyo hata juu ya gazeti hili unalolisoma. Lifaa kusomwa, halifai kufungia urithi. Bahasha za kaki nazo hutengenezwa kwa dawa zenye salfa, na mabaki yake husalia katika karatasi. Makarani wenzangu wanaozichukua ofisini kwa kazi hiyo wajue kwamba zitawaharibia sarafu, mbali ya kuwa ni mali ya Serikali.

Vitambaa vya sufu vina salfa kwa asili yake, kama ilivyo nywele. Ngozi huwa na dawa za kulainishia. Visanduku vya mbao mpya, na hasa mbao zile za unga wa mbao ulioshikizwa kwa gundi, hutoa mvuke wa asidi kwa miaka mingi ingawa pua haiusikii. Lakini mwovu kuliko wote siku hizi ni plastiki laini iitwayo PVC, ambayo kwayo hutengenezwa vijaluba vingi vyenye mifuko midogo ya kutilia sarafu. Mtu huona picha na tarehe bila kuigusa sarafu, akafurahi. Ila ile dawa inayoifanya plastiki iwe laini hutoka polepole, ikaacha utelezi wa kijani juu ya sarafu, na pamoja nao asidi inayokula shaba. Utaitambua kwa harufu yake kali, kama ya pazia jipya la bafuni.

Hata hivyo, si kila plastiki ni mbaya. Ukienda soko la Toi au dukani kununua chombo cha kuwekea chakula, kigeuze utazame chini. Mara nyingi pana alama ya pembetatu na nambari ndani yake. Nambari 3 ni PVC, kiache. Nambari 5 ni plastiki ngumu ambayo haina madhara kwa sarafu, na nambari 1, 2 na 4 pia hazina dhara. Chombo cha nambari 5 chenye kifuniko kinachobana vizuri ni ghala nzuri kuliko sanduku la bei kubwa lenye mahameli. Wauza vifaa vya sarafu wa Ulaya na Marekani hutengeneza vikopo vidogo vya plastiki ngumu, kila sarafu na chake. Mwenye jamaa huko anaweza kumwomba. Vifuko vya plastiki vyepesi si rahisi kuvipata hapa Kenya tangu vilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, nami sioni kwamba tumepungukiwa na kitu. Chukua karatasi nyeupe ya mashine ya kunakili, ambayo bunda lake limeandikwa kwamba haina asidi, ukunje bahasha ndogo bila gundi. Kila sarafu ikae peke yake. Shaba isigusane na fedha, maana penye unyevu madini mawili yakigusana moja humwumiza mwenzake.

Juu ya bahasha andika kwa penseli, kabla hujatia sarafu ndani, mwaka wa sarafu na namna ilivyopatikana: ya nani, alikuwa akifanya kazi wapi. Hapo Kibera jambo hili lina uzito wa pekee. Wanubi waliokuwa askari wa King's African Rifles walianza kukaa pale mwanzoni mwa karne ya 20, siku ambazo mishahara ilihesabiwa kwa rupia, na wajukuu wao wangali pale. Rupia iliyoandikwa jina la mwenyewe na kikosi chake ni habari ya nchi. Isiyoandikwa ni rupia kama rupia nyingine. Lakini usiandike kwa wino, wala usibandike kitu juu ya sarafu yenyewe, wala usiipige msumari ili uivike shingoni.

Sasa mahali pa kuweka. Ayany ni nyumba za mawe, na hilo ni jema, lakini hewa haijui mipaka ya mitaa. Mtaro wa maji machafu ukiziba, ile harufu ya mayai viza ndiyo gesi niliyoitaja, na upepo ukitoka upande wa Mto Ngong na Bwawa la Nairobi huileta mpaka dirishani. Kwa kinywa cha mwanadamu si neno. Kwa fedha ni kazi ya miezi michache. Jikoni kuna moshi wa mafuta ya taa, kuna mvuke, kuna mayai na vitunguu ambavyo vyote vina salfa. Basi chombo kisikae jikoni wala karibu na choo. Kisiwe sakafuni, wala kisiegemee ukuta wa nje, kwa sababu katika baridi ya Julai ukuta huo hutoa jasho alfajiri. Kabati ya ndani, katika chumba cha kulala, katikati ya urefu wake, ndipo pafaapo. Kisichopendwa na sarafu ni mabadiliko, leo joto kesho baridi. Na anayekaa chini ya mabati yafaa aweke chombo ndani ya chombo kingine, katikati akijaza nguo za pamba, ili joto la mchana lisifike upesi.

Wakulima wana hatari yao wenyewe, nayo sijaona ikitajwa. Wengi huweka vitu vya thamani katika stoo kwa sababu ina kufuli imara. Humo humo mna mfuko wa unga wa salfa wa kunyunyizia nyanya au mizabibu, na mbolea yenye amonia. Salfa hiyo huharibu fedha, na amonia hula shaba. Mwenye stoo ya namna hiyo afadhali sarafu azipeleke chumbani mwake akalale nazo.

Ama kuhusu unyevu, kuna vijifuko vidogo vyenye chembe ngumu, ambavyo hukutwa ndani ya visanduku vya viatu vipya na katika makopo ya dawa. Wengi huvitupa. Chembe zile hunywa unyevu, na vijifuko viwili au vitatu vyatosha chombo kidogo kinachofunga vizuri. Baada ya mvua za masika huwa vimeshiba. Weka vipya, maana kijifuko kilichoshiba hakina faida. Watoto wasivichezee, kwa kuwa si chakula. Watu wengine hutumia mchele. Mchele huleta vumbi na wadudu, nami siusifu.

Kushika sarafu kuna adabu yake. Ishike kwa ukingo, kwa kidole gumba na cha shahada, kama mtu ashikavyo sahani ya santuri. Jasho la kidole lina chumvi na asidi, na juu ya shaba mpya alama ya kidole hutokea baada ya majuma, ikabaki milele. Osha mikono, ikauke, tandika kitambaa cha pamba mezani ili ikianguka isiumie, na usizungumze juu yake, kwa kuwa tone la mate hufanya doa jeusi. Senti zenye tundu zilizotungwa kwenye kamba ya katani zitolewe kambani taratibu. Kamba hutunza maji, tena husaga ukingo wa tundu.

Je, ikiwa uharibifu umekwisha kuanza? Utelezi wa kijani wa plastiki waweza kuondolewa kwa asetoni safi, bila kusugua. Sarafu huzamishwa katika kikombe cha kioo kwa dakika chache, ikatolewa, ikaachwa kukauka yenyewe. Asetoni haili madini. Lakini hushika moto upesi sana, basi kazi hiyo ifanywe nje, mbali na jiko na sigara. Ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato haifai badala yake. Ama rangi ya samawati na zambarau, iache ilivyo. Utando huo ukishatulia katika mahali pakavu huenda usizidi, na wakusanyaji wengi wa nchi za ng'ambo hupenda sarafu iliyopata rangi kwa asili kuliko iliyong'arishwa. Macho yao yamezoea. Sarafu ya mwaka 1924 inayomeremeta kama kijiko kipya huwafanya waulize imefanywa nini.

Hapo nimlinde tena mwandishi wa barua na maneno ya mitaani. Kuna waambiao watu kwamba sarafu yoyote ya zamani ni utajiri, na kwamba yuko mnunuzi anayengoja, ila kwanza itolewe ada. Anayetaka ada kabla ya kununua hana nia ya kununua. Mfano mzuri ni senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyetawala chini ya mwaka mmoja. Kule Uingereza sarafu zake hazikutolewa kutumiwa na watu, na hizo chache zilizopigwa kwa majaribio ni adimu mno. Hapa kwetu zilitolewa kwa wingi, kwa sababu sarafu yenye tundu haina sura ya mfalme ya kungojewa. Ni kumbukumbu nzuri sana, tena kila mtu anaweza kuipata, na bei yake ni ndogo. Kwa upande mwingine, mwenye pesa ya shaba ya mwaka 1888 yenye mizani, iliyopigwa kwa ajili ya kampuni ya Imperial British East Africa, ajue kwamba Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa vya kale, na kuvitoa nje ya nchi kwahitaji kibali.

Wenye sarafu za karibuni wasidhani kwamba hayo hayawahusu. Shilingi za Kenya za mwanzo zilitoka mwaka 1966. Shilingi 40 ya kuadhimisha miaka arobaini ya uhuru ilitoka mwaka 2003. Na sarafu zenye twiga, kifaru, simba na ndovu zilitoka mwezi wa Desemba 2018. Anayeziweka leo zikiwa mpya ana kazi nyepesi kuliko mrithi wa mkebe. Sarafu ikivutwa na sumaku, ndani yake mna chuma, na hiyo adui yake mkubwa ni maji: pale ngozi ya juu itakapokwaruzwa kutu itaingia kwa ukingo.

Msomaji wa Mombasa naye aliuliza zamani kidogo kwa nini senti yake ya mwaka 1908, nyepesi kama karatasi, imejaa vijishimo na unga mweupe. Hiyo ni aluminiamu. Senti za namna hiyo zilipigwa mwaka 1907 na 1908, na tangu 1909 zikapigwa kwa shaba na nikeli. Aluminiamu haivumilii hewa ya chumvi. Pwani, basi, chombo kinachobana si anasa bali ni lazima, vijifuko vya kunywa unyevu vibadilishwe mara nyingi zaidi kuliko Nairobi, na sarafu iliyokwisha kuingia chumvi ioshwe kwa maji yaliyotoneshwa yanunuliwayo duka la dawa, si ya mfereji, ikaushwe kwa kugusishwa kitambaa laini bila kupangusa, kabla ya kufungiwa. Unga mweupe uliokwisha kula chuma chake hauondoki. Unachoweza ni kuuzuia usiendelee.